Mukta na Mashudu ya Mwarobaini

Katika kijiji cha Motavav, huko Saurashtra, mtu hupimwa kwa karanga zake. Ukienda kuposa, wazee watauliza kwanza, "Karanga za kwao zikoje?" Habari za kijana mwenyewe zitafuata baadaye.

Karanga za nyumba ya Jivi zilijulikana. Zilikuwa nene, nyekundu, zenye mafuta mengi. Jivi alikuwa mjane, mama wa Devshi na Labhu. Mgeni akifika, alimkalisha barazani na kummenyea karanga kwa mkono wake.

"Onja," angesema. "Halafu uniambie kama umewahi kula karanga."

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, Mukta, mke wa Devshi, alikuwa uani akimkamua nyati wao wa maziwa. Jivi alikuwa jikoni akipigapiga mkate wa uwele kwa viganja. Devshi alimimina chai kwenye kisahani, akaipuliza, akainywa kwa mkupuo mmoja. Kisha akajitwika bomba la dawa mgongoni.

"Unapiga dawa tena?" Mukta aliuliza. "Si ulipiga juzi?"

"Nitapiga mpaka wadudu wakome."

"Ile ya juzi ilikuumiza kichwa mpaka ukatapika."

"Kichwa kitapona. Karanga zikifa hazifufuki."

Devshi hakuwa mkaidi bure. Shamba lao lilikuwa la ekari nne, na mimea ilikuwa inanyauka. Leo ulinyauka mmoja hapa, kesho mitatu pale, keshokutwa mstari mzima. Majani yaligeuka manjano, yakalala. Udongo ulikuwa na maji ya kutosha. Majani hayakuwa na tundu wala doa. Hata hivyo mimea ilikufa, na mwaka uliopita ilikuwa vivyo hivyo.

"Msimu huu ukiharibika, naenda mjini Surat," Devshi alikuwa amewaambia. "Nitang'arisha almasi viwandani kama wenzangu."

Mukta alijua maana yake. Nyumba nyingi za Motavav zilikuwa zimebaki na wanawake, wazee na watoto tu. Waume walirudi mara moja kwa mwaka, wembamba, macho yamechoka.

Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya rakhi. Dada humfunga kaka yake uzi mkononi na kumwombea heri, na kaka humpa dada zawadi. Kabla jua halijawa kali, Labhu, dada mkubwa wa Devshi, alishuka kwenye basi kutoka Pipalvadi, kijiji alikoolewa.

"Wifi!" alipaza sauti langoni. "Mbona umekonda? Mama anakunyima samli?"

"Samli yote nimemwekea mgeni mlafi," Mukta alijibu.

Wakacheka, wakakumbatiana. Labhu alimfunga Devshi uzi, akamlisha kipande cha kitu kitamu. Wakala mikate ya uwele, biringani na mtindi. Kisha Labhu akafuta mikono.

"Haya, twendeni nikaone karanga zetu."

Devshi alitazama ukuta.

"Jua kali leo," Jivi alisema.

"Mama, tangu lini wewe ukaogopa jua?" Labhu aliwatazama mmoja mmoja. "Kuna nini shambani?"

Wakaenda. Labhu alitembea kati ya mistari. Akachuchumaa, akashika mmea mmoja ulionyauka, akauvuta taratibu. Ulitoka bila kushindana naye. Chini haukuwa na mizizi. Ilikuwa imetafunwa yote, na kilichobaki ni kishina kama kijiti cha kuchokolea meno.

"Nipe mundu," alimwambia Mukta.

Akachimba palepale. Hakwenda mbali. Udongo ulipofumuka, alitoka buu mnene, mweupe, mwenye kichwa cha kahawia, amejikunja kama bangili iliyovunjika. Akachimba tena. Akatoka wa pili, kisha wa tatu.

"Hawa ndio wanaokula karanga zako, Devshi."

"Hao? Hao nawajua. Wapo kila mwaka."

"Na kila mwaka unawatafuta juu ya paa, nao wako chini ya kitanda."

Mukta alicheka. Devshi hakucheka. Alitazama bomba lake la dawa lililokuwa pembeni ya shamba, halafu akawatazama wale mabuu kwenye kiganja cha dada yake.

"Wanatoka wapi?" Mukta aliuliza.

"Umewaona wale mbawakawa wa kahawia wanaoruka jioni baada ya mvua ya kwanza? Wale wanaogonga taa? Hao ndio wazazi wao. Mvua ya kwanza ikinyesha, wanatoka ardhini, wanapanda mitini. Usiku wanakula majani na kupandana. Alfajiri wanarudi ardhini kutaga mayai. Mayai yanaanguliwa, mabuu wanaanza kula mizizi. Wewe unaona mmea umenyauka, unadhani ni ugonjwa wa majani."

"Na huko kwenu mnafanyaje?"

"Sisi tulilia kama ninyi. Sasa tunatumia mashudu ya mwarobaini. Kokwa za mwarobaini zikishakamuliwa mafuta, makapi yanayobaki ndiyo hayo mashudu. Tunayatia kwenye mfereji wa kupandia, kabla ya mbegu."

Hapo Devshi akacheka, tena kwa nguvu.

"Dada! Hao mbawakawa wanajaa kwenye mwarobaini wetu! Wanakula majani yake mpaka matawi yanabaki fimbo tupu. Wewe unataka kuua wezi kwa kuwapikia?"

Popat, jirani yao, alikuwa akipalilia shamba lake lililopakana na lao. Hakuna neno lililompita Popat.

"Labhu!" alipaza sauti. "Ukimaliza kuwapakulia mwarobaini, usisahau na achari!"

Labhu hakukasirika. "Cheka tu, Popat. Mimi nacheka wakati wa mavuno." Akamgeukia kaka yake. "Umeuliza jambo la maana. Hata sisi tuliuliza hivyohivyo. Sikiliza. Majani ya mwarobaini yana nguvu kidogo. Nguvu yenyewe iko ndani ya kokwa. Mbuzi anakula majani ya mbarika, sivyo? Hebu mpe mbegu zake uone. Mti ni mmoja, lakini jani si mbegu."

"Na buu akiyala mashudu anakufa?"

"Mdogo anakataa kula, anadumaa, hakui vizuri. Wengi hufa. Si papo hapo. Atakayekuambia mashudu yanaua kama umeme, huyo ni mwongo. Lakini hawa," alitikisa kiganja, "wameshakuwa wakubwa. Msimu huu umechelewa, kaka. Sikufichi."

Jivi alikuwa amesimama kando muda wote. Alichukua ule mmea usio na mizizi, akaurudisha ardhini, akashindilia udongo kwa vidole, kana kwamba ungeweza kushika tena. Kisha akageuka, akarudi nyumbani.

Oktoba walivuna. Maganda mengi ya karanga yalikuwa matupu, mengine yametobolewa. Siku chache baadaye, binamu yake Jivi alipita kumsalimu. Jivi alimpa maji, akampa chai. Hakumpa karanga. Mukta aliliona hilo kutoka jikoni, na likamuuma kuliko magunia yaliyopungua.

Sikukuu ya Diwali ilipopita, Devshi aliteremsha begi lake kutoka juu ya kabati.

"Subiri," Mukta alisema.

"Nisubiri nini?"

"Nipe msimu mmoja na ekari moja. Ile ya kando ya kisima. Niache nijaribu mashudu. Isipofaulu, begi lako nitalipanga mimi mwenyewe."

"Na mashudu utayatoa wapi?"

"Kwa wifi. Wanawake wa Pipalvadi wanakamua kokwa majira haya. Nitafanya kazi nao. Ujira wangu utakuwa mashudu."

Jivi aliinua uso kutoka kwenye ungo aliokuwa akipepetea. "Mkwe wa nyumba hii akafanye kibarua kijiji cha watu? Watasema nini?"

"Watasema mkwe wa nyumba hii alikwenda kutafuta dawa ya karanga za nyumba hii," Mukta alijibu kwa upole. "Hayo si maneno mabaya, mama."

Ungo ulisimama, kisha ukaendelea.

"Nyati nitamkamua mimi," Jivi alisema. "Amenizoea kuliko wewe."

Devshi aliwatazama wote wawili. Akalirudisha begi juu ya kabati.

Huko Pipalvadi, Mukta alifanya kazi na wanawake kumi na wawili chini ya bati moja, kando ya kinu cha kukamulia mafuta. Labhu ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alimfundisha wifi yake bila kumwonea haya.

"Hiyo usiitie kinuni!" alisema siku ya kwanza, akampokonya konzi ya kokwa. "Nusa. Unasikia nini?"

"Harufu ya ukungu."

"Basi hiyo imeoza. Mtu aliiweka kwenye mfuko wa plastiki. Kokwa zinataka hewa. Unaokota matunda yaliyoiva, ya manjano. Unayasugua kwenye maji mpaka nyama itoke. Unaanika kokwa kivulini. Usianike kwenye jua kali, linaua nguvu yake. Zikikauka, weka kwenye gunia la katani. Jua, maji na plastiki ndio maadui wa kokwa."

"Kama vile wewe na usingizi wa mchana," alichombeza mwanamke mmoja, na kivuli chote cha bati kikalipuka kwa kicheko.

Mukta alijifunza pia dawa ya kumwagilia bustani ndogo. Alitwanga nusu kilo ya kokwa zilizomenywa, akaziloweka usiku kucha kwenye ndoo ya lita kumi ya maji. Asubuhi alichuja kwa kitambaa, akamwagia shina la kila biringani.

"Imwage siku hiyohiyo," Labhu alimwambia. "Ikilala inapoteza nguvu. Jifunge kitambaa puani unapotwanga, na nawa mikono. Mafuta yake weka mbali na watoto. Kitu kuwa cha mti hakukifanyi kiwe cha kuchezea."

Mukta alirudi Motavav akiwa juu ya gari la magurudumu matatu, amekalia magunia manne ya mashudu. Yalitosha ekari moja, kilo mia mbili. Mikono yake ilinuka uchungu wa mwarobaini mpaka nyati akamkataa siku ya kwanza.

Ardhi ilipokauka, mwezi wa Aprili, alimwomba Devshi alime kwa kina, udongo ugeuke. Devshi alikodi trekta. Nyuma ya plau walifuata ndege weupe na kunguru, wakigombania mabuu na mbawakawa waliofumuliwa.

"Waone," Mukta alisema. "Vibarua wasiodai chai."

Kabla ya mvua, Devshi alianza kubeba samadi kutoka zizini. Mukta akamzuia tena.

"Hiyo bado mbichi. Mbawakawa wanapenda kutaga kwenye samadi mbichi. Chukua ya lile rundo la mwaka jana, iliyooza ikawa kama udongo."

"Sasa hata mavi ya nyati yana masharti!" Devshi alinung'unika. Lakini alikwenda kwenye rundo la zamani.

Katikati ya Juni mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Jioni ardhi ilipoanza kunukia, hewa ilijaa mvumo. Mbawakawa walitoka ardhini kwa maelfu, wakaenda moja kwa moja kwenye miarobaini ya ukingo wa shamba. Mukta alitandika shuka kuukuu chini ya mti. Devshi alitikisa matawi kwa ufito mrefu wenye ndoano. Wadudu walianguka kama mvua ya mawe. Jivi, aliyesema hataki kuonekana katika mambo hayo, alikuja na taa. Akaanza kuwazoa kwa mikono na kuwatupa kwenye ndoo ya maji yenye mafuta ya taa.

Popat alipita na baiskeli. "Devshi! Mavuno yameanza mapema mwaka huu?"

"Pita zako!" Jivi alimjibu. "Au shika mti utikise!"

Popat akapita zake. Walifanya hivyo jioni chache mfululizo, mpaka wadudu wakawa haba.

Siku ya kupanda, Mukta alijifunga ncha ya sari puani na mdomoni. Alitembea katika mfereji wa kwanza wa ile ekari ya kando ya kisima, akimwaga mashudu konzi baada ya konzi. Jivi alimfuata akifunika kwa udongo kidogo, na Devshi akapanda mbegu nyuma yao. Ekari nyingine tatu walipanda kama kawaida yao, maana mashudu yalikuwa yamekwisha.

Mwezi huohuo na uliofuata, matunda ya mwarobaini yaliiva na kuanguka. Kila asubuhi Mukta alikwenda na ungo wake barabarani, kwenye uwanja wa hekalu, nyuma ya shule. Aliokota akiwa ameinama mpaka kiuno kikamuuma. Wanawake waliokwenda kuchota maji walimtania.

"Mukta, umegeuka kunguru?"

"Mke wa Devshi anaokota mabaki ya ndege!"

Mukta alijibu alipoweza, na alipochoka aliendelea kuokota. Hakuwa na hakika. Mimea ilikuwa bado michanga. Jioni, wakati wa kusugua matunda kwenye maji, aliwahi kujiuliza kama alikuwa anajiaibisha bure. Lakini magunia ya kokwa yaliongezeka kwenye kona ya ghala, makavu, yasiyo na harufu ya ukungu.

Agosti ikarudi. Asubuhi moja Mukta alimaliza kukamua na hakumwona Devshi. Chai yake ilikuwa imepoa. Alimfuata shambani.

Devshi alikuwa ameketi kwenye ukingo kati ya ekari ya kisima na ekari ya pili. Upande wake wa kulia, mistari ilikuwa na mapengo, na mimea ya manjano ilikuwa imelala. Upande wake wa kushoto karanga zilikuwa zimesimama, kijani kibichi, zimefungana mpaka udongo hauonekani. Mmea mmoja mmoja ulikuwa umenyauka hapa na pale, lakini ilibidi uutafute.

"Nimezunguka yote," Devshi alisema bila kugeuka. "Nilidhani macho yananidanganya. Nimechimba. Buu nimempata mmoja, mdogo, dhaifu." Akaokota bonge la udongo, akalivunja vidoleni. "Karanga zako zimesimama, Mukta."

"Karanga zetu."

"Hapana. Za huku ni zetu," alionyesha kulia. Kisha akaonyesha kushoto. "Hizi ni zako. Acha niseme hivyo leo."

Mukta aliketi kando yake. Alitazama ile ekari jinsi mtu anavyomtazama mtoto wake akitembea mara ya kwanza.

Siku ya rakhi Labhu alikuja, na safari hii Jivi ndiye aliyesimama wa kwanza. "Haya, twendeni shambani," alisema kabla hata chakula hakijapakuliwa. Labhu alitembea ndani ya ile ekari, mikono kiunoni.

"Wifi," alisema mwisho, "hata yangu haikupendeza hivi mwaka wa kwanza."

"Sema tena, mama hajasikia," Mukta alimwambia.

"Nimesikia!" Jivi alijibu. "Sijazeeka masikio."

Habari zilisambaa. Jioni moja Popat alibisha hodi, kofia mkononi.

"Shemeji, yale mashudu yanauzwa wapi?"

"Msimu wa matunda umepita, Popat. Kokwa zimebaki kwa waliookota."

"Nani aliyeokota?"

"Kunguru," Mukta alisema.

Popat aliinamisha kichwa, kisha akaanza kucheka, na Mukta naye akacheka. Alimchukua mpaka ghalani, akamwonyesha magunia.

"Nitagawana na wewe, na mwingine atakayetaka. Lakini nina sharti moja. Mvua ya kwanza ikinyesha, uje na nyumba yako yote tutikise miti. Mbawakawa hajui mpaka wa shamba. Nikiwaua kwangu na wewe ukiwafuga kwako, tunajisumbua."

"Nitakuja."

"Na mkeo alete ungo. Matunda ya mwakani tutaokota wote."

Oktoba walivuna. Ekari ya kisima peke yake ilitoa karanga kama zile za ekari mbili nyingine zikiwekwa pamoja. Devshi alizipakia magunia mwenyewe. Jirani akimwuliza atasafiri lini kwenda Surat, alijibu, "Kokwa za kukamua zote hizi utazibeba wewe?" Baada ya Diwali alizipeleka kwenye kinu cha Pipalvadi, na wanawake sita wa Motavav walikwenda pamoja na Mukta kujifunza kazi.

Mwaka uliofuata mvua ya kwanza ilipokatika, taa zilionekana chini ya kila mwarobaini wa Motavav. Watoto walishindana kujaza ndoo. Wazee walitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Ekari zote nne za Devshi zilipata mashudu, na mashamba mengine mengi pia. Mabuu hawakuisha kabisa, maana shamba lisilo na buu hata mmoja halipo. Lakini ilipofika Agosti, mtu aliyesimama juu ya ukingo aliona kijani kutoka kisimani mpaka barabarani.

Mwezi huo wakulima watano kutoka kijiji cha mbali walikuja kuuliza. Walikuwa wamesikia kuna nyumba iliyowashinda mabuu. Devshi hakuwapo, na Mukta alikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Jivi akawapokea. Aliwakalisha barazani, akaleta sahani ya karanga.

"Onjeni kwanza," alisema. "Mazungumzo baadaye."

Wakaonja. Wakatazamana.

"Sasa sikilizeni," Jivi alianza, akajiweka sawa kwenye mkeka. "Sisi hapa dawa tunaweka chini, anakoishi adui. Limeni kwa kina wakati wa joto, ndege wafanye kazi. Samadi iliyooza tu, mbichi msiiguse. Mvua ya kwanza, tikiseni miti, kijiji kizima, asibaki mtu. Mashudu kilo mia mbili kwa ekari, kwenye mfereji, udongo kidogo, halafu mbegu. Kokwa anikeni kivulini, na mtu akiwaletea mfuko wa plastiki, mfukuzeni."

"Lakini mama," mmoja wao aliuliza, "si mbawakawa wanakula majani ya mwarobaini?"

"Jani si mbegu!" Jivi alimkata. "Hata mtoto wa hapa anajua hilo."

Devshi alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Alisimama kando ya Mukta, akasikiliza, akanong'ona, "Unamsikia? Utadhani ndiye aliyevumbua. Huendi kumwambia?"

Mukta aliacha kukanda. Aliegemea mlango, akamsikiliza mama mkwe wake mpaka mwisho, uso ukimng'aa.

"Niende kumwambia nini?" alisema. "Hajakosea hata neno moja."